Kanisa la Kale Lijulikane kwa Alama Gani?

Parokia ya zamani inapokaribia yubile yake, kazi huwa nyingi. Kuna nyimbo za kufundishwa, kuna wageni wa kulazwa, kuna paa la kutengenezwa. Lakini kazi moja inayoonekana kuwa ndogo huleta maneno mengi kuliko zote: ni kuchagua picha itakayowekwa juu ya kitenge cha yubile, juu ya bendera ya maandamano, juu ya muhuri wa barua na juu ya mlango mkubwa. Mmoja husema: « Tuweke mnara, kwa maana mnara huonekana kutoka mbali. » Mwingine husema: « Tuweke sura ya padri aliyetujengea. » Wazee hutaka kanisa kama lilivyokuwa zamani. Vijana hutaka mistari michache na rangi nzuri, alama itakayotambulika upesi hata ikiwa ndogo kama ukucha. Na mara nyingine mtu mmoja huuliza jambo ambalo wengine hawapendi kulisikia: « Na yale mabaya yaliyotukia hapa, je, yatakuwa wapi katika picha hiyo? »

Swali hilo la mwisho halimhusu fundi wa kuchora peke yake. Ni swali la dhamiri. Kila jumuiya iliyokaa miaka mingi mahali pamoja ina utukufu wake na aibu yake, ina sikukuu na ina makaburi. Ikichagua alama, inachagua pia yale itakayowaambia watoto wake na yale itakayowanyamazia. Basi yafaa kuuliza: Kanisa la kale lijulikane kwa alama gani? Jeraha lake lifichwe, au lionyeshwe?

I. Alama ya Kikristu ni kitu gani

Mwenye duka huweka chapa juu ya sabuni yake ili mnunuzi asije akachukua ya jirani. Hakuna ubaya katika jambo hilo. Chapa humtumikia mwenye mali. Siku ikikoma kuvuta wanunuzi, mwenyewe huibadili wala hakuna anayemlaumu.

Alama ya Kikristu ina kazi nyingine: nayo ni kukiri. Wakristu wa kwanza wa Roma walichora samaki na nanga katika makaburi yao ya chini ya ardhi. Walichora samaki kwa sababu herufi za neno hilo katika Kigriki ni mwanzo wa maneno yanayomtaja Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Walichora nanga kwa ajili ya matumaini yasiyotikisika. Msalaba waliuonyesha mara chache sana katika karne zile za kwanza, kwa maana ulikuwa bado chombo cha kuwaulia watumwa na wahalifu, kitu cha aibu mbele ya watu wote. Hata hivyo, msalaba ndio uliokuja kusimama juu ya makanisa duniani kote, kuliko samaki na kuliko nanga. Kama Wakristu wangalitafuta alama ya kupendeza macho, wasingaliuchukua huo. Waliupokea kwa sababu ulikuwa kweli: hivyo ndivyo Bwana alivyokufa.

Mtaguso Mkuu wa Nisea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima anayopewa sanamu humwendea yule anayeonyeshwa katika sanamu. Fundisho hilo lina upande wake wa pili. Anayeikanyaga alama kwa kusudi la kumkana Kristu anajua vizuri ni nani anayekanyagwa. Na anayekataa kuivua anajua anamshika nani.

Nchi ya Kongo inalo shahidi wa jambo hili katika Mwenyeheri Isidore Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906, akavaa skapulari ya Bikira Maria. Wakala mzungu wa shamba alimokuwa akifanya kazi alimwamuru aivue. Akakataa. Basi akapigwa viboko mpaka mgongo wake ukawa kidonda kimoja, naye akafa tarehe 15 Agosti 1909, baada ya mateso ya miezi mingi, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Papa Yoane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri mwaka 1994. Kile kipande cha kitambaa hakikuwa na uzuri wa kumshangaza mtu. Uzito wake ulitoka kwa Yule aliyekiriwa nacho, na kwa bei aliyolipa mwenye kukivaa.

II. Sanamu iliyowakutanisha ndugu

Ili kuona jinsi alama inavyochukua maisha ya watu, hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Wakristu wa Nagasaki, katika Japani. Nao watu wa Katanga wana sababu ya pekee ya kuujua mfano huo, kama itakavyoonekana mbele.

Mtakatifu Fransisko Saveri alifika Japani mwaka 1549, na Injili ikaenea upesi, hasa katika pande za Nagasaki. Kisha watawala wakaanza kuichukia dini. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristu 26 walisulubiwa huko Nagasaki, juu ya kilima cha Nishizaka. Mwaka 1614 dini ikakatazwa katika nchi nzima. Mapadri walifukuzwa au waliuawa, nao waamini wakakaa zaidi ya miaka 200 bila padri na bila Misa, wakirithishana kwa siri ubatizo na sala.

Watawala wale walizijua sana nguvu za alama. Walitengeneza sanamu za kukanyagwa: bamba la chuma lenye sura ya Kristu au ya Mama yake lililazwa chini, na watu wakaamriwa kulikanyaga mmoja mmoja. Aliyekataa alijulikana kuwa Mkristu. Wako waliokataa wakafa. Wako waliokanyaga, kisha wakarudi nyumbani na moyo uliopondeka, wakasali sala ya majuto waliyoachiwa na mapadri wa zamani. Hao nao walikuwa na alama zao zilizofichika. Walichukua sanamu za udongo mweupe zilizoonyesha mama wa huruma anayeheshimiwa na Wabudha, na mbele yake wakamwomba Bikira Maria. Askari aliona sanamu ya Wabudha. Mwamini alimwona Mama wa Mungu.

Katika miaka ya 1860 mapadri Wafaransa walipata ruhusa ya kujenga kanisa kwa ajili ya wageni, mahali paitwapo Oura, katika mji wa Nagasaki. Juu ya uso wa kanisa waliandika, kwa herufi zisomwazo na wenyeji, maneno yenye maana ya « Nyumba ya Bwana wa Mbingu ». Kanisa likabarikiwa mwezi wa Februari 1865 kwa heshima ya wale Wafiadini 26. Tarehe 17 Machi mwaka huo Padri Bernard Petitjean alikuta kundi dogo la watu mlangoni, waliotoka kijiji cha Urakami. Walipokuwa ndani, mwanamke mmoja akamkaribia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wao wote mioyo yao ni sawa na moyo wake. Kisha akamwuliza iko wapi sanamu ya Bikira Maria. Padri akawapeleka mbele yake. Wakamwona Mama na Mtoto mikononi, wakajua kwamba wamefika nyumbani.

Msomaji na apime tendo hilo. Watu wale hawakuuliza urefu wa mnara wala jina la fundi aliyejenga. Sanamu ile ilikuwa imetoka Ufaransa. Hawakuwa wameiona kamwe. Lakini waliitambua, kwa sababu babu zao waliwapa sura hiyo moyoni, na wao walikuwa wameitunza katika hofu ya kifo. Kazi ya kwanza ya alama ya kanisa ni hiyo: mwana aliyepotea njia apite mlangoni, atazame, aseme: « Hapa ni kwetu. »

III. Kanisa lililojengwa mahali pa aibu

Kujulikana kwao kulileta mateso mapya. Kati ya miaka 1868 na 1873 Wakristu 3,400 hivi wa Urakami walitolewa kwa nguvu katika kijiji chao, wakatawanywa katika pande za mbali za nchi. Zaidi ya 600 kati yao wakafa huko. Mwaka 1873 mabango ya kukataza dini yaliondolewa, na walionusurika wakarudi kwao. Walirudi maskini kabisa. Hata hivyo, mnamo 1880 walijikusanyia mali, wakanunua kiwanja. Walinunua kile kile palipokuwa na nyumba ya mkuu wa kijiji, ambapo wazee wao walikuwa wakilazimishwa, mwaka baada ya mwaka, kukanyaga sanamu. Hapo ndipo walipotaka altare ya Bwana isimame.

Mwaka 1895 walianza kujenga kwa matofali mekundu. Kazi ilikwenda polepole kwa sababu ya umaskini, na kanisa likabarikiwa mwaka 1914. Minara miwili yenye kengele ilimalizika mwaka 1925. Lilikuwa mojawapo la makanisa makubwa kabisa ya Asia ya Mashariki. Mtu asiyejua habari zake aliona nyumba kubwa na nzuri. Aliyejua aliona zaidi: kwamba mguu uliolazimishwa kumkanyaga Kristu sasa unapiga goti mahali pale pale. Hakuna mchoraji aliyebuni alama hiyo. Watu waliiandika kwa kuchagua ardhi.

Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomu lilipasuka angani, karibu mita 500 kutoka katika kanisa hilo. Ndani yake mapadri wawili walikuwa wakiwaungamisha waamini waliokuwa wakijitayarisha kwa sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Wote walikufa. Wakatoliki wa Urakami walikuwa 12,000 hivi; 8,500 hivi kati yao waliangamia. Katika mji mzima wa Nagasaki waliokufa kufikia mwisho wa mwaka ule wanahesabiwa kuwa 74,000 hivi. Kanisa lilibaki vipande vya kuta, na sanamu za watakatifu zilizoungua nyuso.

IV. Magofu au kanisa jipya?

Baada ya vita swali likazuka, nalo ni lile lile la mwanzo wa makala haya, ila limekuwa zito. Kanisa la Urakami sasa lionyeshe uso gani?

Watu wengi wa mji, na baraza la mji pia, walitaka kuta zile zilizobaki zihifadhiwe. Hoja yao haikuwa nyepesi. Mwanadamu husahau upesi, na nyumba mpya humsaidia kusahau. Ukuta uliopasuka hauhitaji maelezo; hata mtoto asiyejua kusoma huusoma. Kuuvunja ni kama kumwondoa shahidi katika baraza kabla hajasema.

Upande wa pili walikuwa Wakristu waliotaka kujenga upya kwenye ardhi ile ile, pamoja na Askofu wao, Paul Yamaguchi. Nao pia walikuwa na hoja. Kanisa ni nyumba ya watu walio hai wanaohitaji kubatizwa, kulishwa Ekaristi na kuzikwa. Babu zao waliinunua ardhi ile kwa jasho la maskini kwa kusudi moja tu, kwamba Misa itolewe pale. Je, iachwe kuwa mahali pa kutazamwa na wageni, na wenyewe waende kusali kwingine?

Mwaka 1958 magofu yalivunjwa. Kipande cha ukuta kilihamishwa mpaka uwanja ulio chini ya mahali bomu lilipopasukia, nacho kingali hapo. Mwaka 1959 kanisa jipya la saruji lilimalizika. Mwaka 1962 likawa kanisa kuu la Jimbo. Na mwaka 1980, kabla Papa Yoane Paulo II hajafika Nagasaki mwezi wa Februari 1981, uso wa kanisa ulivikwa matofali mekundu, ili lifanane tena na lile la babu zao.

Mahali pengine watu walichagua njia nyingine. Katika mji wa Coventry, Uingereza, kanisa kuu la Waanglikana liliteketea kwa mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Huko kuta za zamani ziliachwa wazi bila paa, na kanisa jipya likajengwa kando yake, likawekwa wakfu mwaka 1962. Misumari mitatu ya paa lililoungua iliunganishwa ikawa msalaba, na msalaba wa namna hiyo wakawapa watu wa nchi nyingi, Wajerumani wakiwamo, kuwa ishara ya upatanisho.

Mtu na asiharakishe kuhukumu. Kuhifadhi magofu si amri ya Mungu, na kuyaondoa si dhambi kwa yenyewe. Kinachopimwa ni nia na matunda. Anayevunja ukuta ili watoto wapate mahali pa kusali hafanani na anayeuvunja ili habari isiulizwe tena. Na anayehifadhi ukuta ili watu watubu hafanani na anayeuhifadhi ili chuki ipate chakula, au ili wageni walete fedha. Kwa macho, matendo hayo hufanana. Mbele ya Mungu hayafanani.

V. Kichwa cha Bikira Maria

Juu ya altare ya kanisa la zamani palikuwa na sanamu ya mti ya Bikira Maria, yenye macho ya kioo. Baada ya bomu, padri mmoja, mmonaki Mtrapisti mzaliwa wa Urakami, alikuta katika kifusi kichwa chake peke yake. Macho yalikuwa yametoweka, yakabaki mashimo mawili meusi. Shavu limeungua, kana kwamba machozi meusi yameliteremkia. Alikichukua akakitunza katika monasteri yake, kaskazini ya mbali ya nchi. Miaka mingi baadaye kilirudishwa Urakami, na leo kimewekwa katika kikanisa kidogo ndani ya kanisa kuu. Nje, sanamu za mawe zilizoungua zimesimama mbele ya kanisa, na kipande kikubwa cha mnara wa kengele kingali katika mteremko. Hivyo wale waliojenga upya hawakuficha yote. Walijenga nyumba ya walio hai, na ndani yake wakampa Mama aliyejeruhiwa mahali pake.

Sura ile ina nguvu kubwa; ndiyo maana ina hatari. Kuna njia mbili za kuitumia vibaya.

Njia ya kwanza ni kuifanya chapa. Uchungu wa watu unaweza kuuzwa kama kitu kingine chochote: ukachapwa juu ya vikombe na juu ya nguo, ukavutia macho, ukaleta sifa kwa jumuiya iliyouteseka. Lakini wafu hawakufa ili kuipatia parokia yao jina. Anayetumia jeraha la wafu kujitafutia utukufu anaiba makaburini.

Njia ya pili ni ya werevu zaidi, nayo ni kulipamba jeraha kwa maneno matakatifu mpaka kosa la aliyelitia lisionekane. Daktari Takashi Nagai, Mkatoliki wa Urakami aliyefiwa na mke wake siku ile, alisema mbele ya waombolezaji mwezi wa Novemba 1945 kwamba wafu wa Urakami walikuwa kama sadaka ya kuteketezwa mbele za Mungu. Alisema hivyo kuwafariji watu waliokuwa karibu kukata tamaa, akiwa mwenyewe mgonjwa wa kufa. Alikufa mwaka 1951. Faraja yake isidharauliwe. Mwamini aweza kumtolea Mungu mateso yaliyompata. Lakini aliyerusha bomu hakutoa sadaka yoyote. Aliua. Papa Yoane Paulo II alipofika Hiroshima tarehe 25 Februari 1981 alisema wazi kwamba vita ni kazi ya mwanadamu. Wako wazee wa Nagasaki walioona kama mzigo umeondoka mabegani mwao, kwa maana walikuwa wamejiuliza miaka mingi kama Mungu ndiye aliyetaka watoto wao waungue. Alama ya kanisa isimsingizie Mungu matendo ya watu.

VI. Jiwe lililotoka Katanga

Hapa ndipo habari ya Urakami inapovuka bahari na kuingia mlango wa Kongo. Karibu na Likasi, katika Katanga, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Urani yake ilikuwa tajiri kupita ile ya migodi mingine iliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilisafirishwa mpaka New York, na baadaye zikafuatwa na nyingine nyingi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kazi ya kutengeneza mabomu ya mwaka 1945 ilitoka katika shimo hilo. Watu waliolichimba walikuwa wenyeji wa Kongo.

Je, wachimbaji hao wana hatia? Katekisimu hufundisha kwamba ili mtu awe na dhambi ya mauti, lazima ajue na akubali. Kazi ile ya mabomu ilifichwa hata kwa wakubwa wengi wa Marekani. Mchimbaji wa Shinkolobwe angejuaje? Hatia haimwangukii. Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kutohusika. Mtu ambaye panga lililotoka nyumbani kwake bila yeye kujua limemjeruhi jirani hafungwi, lakini huenda kumtazama mgonjwa. Kichwa kile cha Bikira Maria kisicho na macho si habari ya watu wa mbali tu. Jiwe lilitoka huku, jeraha likafunguka kule, na Mama ni mmoja.

Nchi ya Kongo nayo ina makanisa yenye habari ngumu. Misioni ya Mpala, kando ya ziwa Tanganika, ilianza katika boma lililojengwa na afisa Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Mapadri Weupe walilipokea mwaka 1885. Storms alikuwa amefanya vita na wakuu wa nchi ile, na kichwa cha mkuu Lusinga, aliyeuawa mwaka 1884, kilichukuliwa mpaka Ubelgiji. Mahali hapo hapo watu walibatizwa, watumwa waliokombolewa walipata makao, na upande ule ule wa ziwa ukamzaa Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupata upadri, mwaka 1917. Nani ataichora habari hiyo kwa mstari mmoja? Akichora boma peke yake, atasema uongo juu ya neema. Akichora kalisi peke yake, atasema uongo juu ya damu.

VII. Jibu la Bwana mfufuka

Jibu limo katika Injili. Bwana alipofufuka, wanafunzi walimtambua kwa nini? Yoane asimulia kwamba aliwaonyesha mikono yake na ubavu wake; na Tomaso, aliyekataa kusadiki, alialikwa kuzitazama alama za misumari. Mungu aliyeweza kuushinda mauti angaliweza kuziondoa alama hizo, mwili ukawa laini kama wa mtoto mchanga. Hakufanya hivyo. Alama zilibaki, lakini hazikutoka damu tena, wala hakuzionyesha ili kuwashtaki waliomkimbia. Neno lake la kwanza lilikuwa amani.

Basi jeraha la Kikristu halifichwi, wala halifunguliwi upya. Linaonyeshwa likiwa limepona, au likiwa mikononi mwa Yule anayeliponya. Kutoka katika neno hilo zaweza kuchukuliwa kanuni tatu, zitakazofaa baraza la parokia lililokaa kuchagua alama.

Kwanza, alama iwe ya watu wenyewe. Wazee waulizwe, na wajane, na wale ambao habari yao haikuandikwa katika daftari la misioni. Kilicho kizuri machoni pa fundi lakini hakitambuliwi na bibi aliyebatizwa hapo miaka 70 iliyopita, hakijawa bado alama ya kanisa lile.

Pili, alama iwe kweli. Haiwezi kusema yote. Hakuna picha inayosema yote. Lakini isiseme kinyume cha yaliyotukia. Na lile ambalo picha haiwezi kulisema, lisemwe katika mafundisho ya watoto, katika nia za Misa, na juu ya jiwe la makaburi.

Tatu, alama impeleke mtu kwa Kristu. Ikiwa mtazamaji anaishia katika mnara, au katika jina la mjenzi, au hata katika uchungu wa waliokufa, alama haijafika mwisho wa njia. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliwataka wakuu wa Kanisa watafute katika sanaa takatifu uzuri wenye heshima kuliko fahari ya gharama kubwa. Uzuri wa namna hiyo hauwaogopi maskini, wala hauuogopi ukweli.

Katika Urakami kengele moja ya kanisa la zamani ilikutwa nzima katika kifusi, ikapigwa tena usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1945. Ya pili ilikuwa imevunjika. Kwa miaka 80 mnara mmoja ulikaa kimya. Kisha Wakatoliki wa Marekani, nchi iliyorusha bomu, wakachanga mali, na kengele mpya ikatengenezwa. Tarehe 9 Agosti 2025, saa tano na dakika mbili, kengele mbili zililia pamoja. Anayetazama picha ya kanisa lile haioni sauti hiyo. Lakini mtoto wa Urakami atakayeulizwa kwa nini kengele ni mbili, moja ya zamani na moja mpya, atakuwa na habari yote ya kusimulia: dhambi, kifo, msamaha na matumaini.

Baraza la parokia likirudi sasa mezani, mbele ya karatasi za mchoraji, huenda litachagua mnara ule ule uliopendekezwa tangu mwanzo. Si vibaya. Lakini yule mtu mmoja aliyeuliza juu ya mabaya yaliyotukia asinyamazishwe. Apewe kiti, asikilizwe mpaka mwisho, na mchoraji awepo.